Msaidizi wa Sauti Kwenye Raspberry Pi: Haamki, Haelewi, Hajibu

Lalamiko kuhusu msaidizi wa sauti kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, huja kwa maneno yaleyale: "Hiki kitu hakielewi Kiswahili." Ukichunguza, mara nyingi mambo hayajafika hata kwenye Kiswahili. Chaja ni ile ya simu ya zamani, au sauti ya maikrofoni imeshushwa hadi sifuri, au mvua ya alasiri inapiga mabati na mtu bado anatarajia asikiwe kutoka upande wa pili wa sebule. Kwa hiyo hapa tunafuata njia ambayo sauti yenyewe hupita, kutoka mdomoni hadi kwenye spika, na lugha itasubiri zamu yake.

Nachukulia una Raspberry Pi 4 au 5 yenye RAM ya GB 4 kwenda juu, Raspberry Pi OS ya biti 64, na programu tatu: openWakeWord inayongoja jina la kuamsha, whisper.cpp inayogeuza sauti kuwa maandishi, na Piper inayosoma jibu. Katikati kuna skripti yako ya Python inayoamua "washa taa" ifanye nini. Zote hukaa ndani ya kompyuta yenyewe, hazipigi simu nje. Kwa mtu wa Kisumu anayeishi kwa bando hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na mambo haya: bando likiisha usiku, taa bado inakusikia.

Kabla ya kugusa chochote, rekodi na usikilize

```
arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 16000 -c 1 -d 5 jaribio.wav
aplay jaribio.wav
```

Hizo huandikwa kwenye terminali ya Pi: ni sekunde tano, hezi 16,000, chaneli moja. Huo ndio muundo ambao openWakeWord na Whisper zote zinautaka. Simama pale utakapokuwa ukisimama kila siku, sema amri kama utakavyoisema kila siku, halafu isikilize. Kama wewe mwenyewe unakaza sikio ili ujielewe, programu haina nafasi. Na kama rekodi ni safi, umeshaondoa nusu ya washukiwa. Weka faili hiyo, tutaitumia tena.

Inazima yenyewe, inajiwasha, au inakuwa nzito ghafla

Anza na stima. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka volti 5 na ampea 5 kupitia chaja yake ya wati 27. Chaja nyingi za simu zinazouzwa kando ya barabara zimeandikwa 2A, na hata hizo 2A hupungukiwa zikipita kwenye kebo ndefu nyembamba. Pi ikiwa imetulia hutaona tatizo. Whisper ikianza kuchakata, viini vyote vinne vinafanya kazi kwa pamoja, volti inashuka, na ndipo vituko huanza: maikrofoni ya USB inatoweka katikati ya sentensi, au msaidizi anaitika vizuri halafu anakufa palepale unapotoa amri. Dalili hiyo ya pili ukiiona, usipoteze hata dakika kwenye msimbo wako.

```
vcgencmd get_throttled
```

Jibu `throttled=0x0` ni salama. `0x50000` maana yake tangu Pi iwashwe iliwahi kukosa volti na ikapunguzwa kasi. `0x50005` maana yake inakosa sasa hivi, unavyoisoma. Badilisha kebo kwanza kwa sababu ni rahisi, kisha chaja. Mwenye Pi 5 anayetumia chaja ya ampea 3 ajue pia kwamba Pi yenyewe huwekea matundu yote ya USB kikomo cha miliampea 600 kwa jumla, kwa hiyo maikrofoni na spika ya USB pamoja zinaweza kugombania chakula.

Joto ni la pili. Kisumu ya saa saba mchana haina huruma, na nimeona Pi nyingi zikiwa ndani ya kasha la plastiki lisilo na tundu, juu ya dekoda ya TV, nyuma ya pazia. `vcgencmd measure_temp` ikikuonyesha digrii 80 na zaidi, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue, na jibu lililokuwa likija upesi asubuhi linachelewa mchana. Vipande vya alumini vya kupozea na feni ndogo vinatosha. Itoe juu ya dekoda.

Maikrofoni haionekani

Swali la kwanza ni umeichomeka wapi. Kwenye Pi 4 kuna tundu la milimita 3.5 ambalo linafanana kabisa na la simu, na watu huchomeka earphone zenye maikrofoni wakitegemea isikie. Tundu hilo hutoa sauti na picha tu, haliingizi sauti. Pi 5 haina tundu hilo kabisa. Unahitaji maikrofoni ya USB, au kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la maikrofoni, au kamera ya zamani ya kompyuta, ambayo wengi wanasahau kwamba ina maikrofoni ndani na kwamba inafanya kazi hii vizuri tu.

`arecord -l` itakuorodheshea vifaa vya kurekodi. Orodha ikiwa tupu, angalia `lsusb`. Kama hapo pia hakuna kitu, ni kebo, tundu au kifaa chenyewe. Kama root, msimamizi mkuu wa mfumo, anakiona na wewe hukioni, hauko kwenye kundi la sauti: `sudo usermod -aG audio $USER`, kisha utoke na uingie upya.

Zile bodi za maikrofoni zinazopachikwa juu ya pini za Pi zina ugonjwa wao: nyingi hutegemea draiva iliyojengwa kwa ajili ya kaneli (kernel, moyo wa mfumo) fulani, na siku utakayofanya `apt upgrade` kaneli ikabadilika, bodi inakuwa pambo. Kwa mtu anayeanza nashauri USB. Haina urembo lakini haikusumbui.

Jana ilikuwa kadi 1, leo ni kadi 2

Nambari za kadi hupangwa Pi inapowaka, kulingana na kifaa kilichowahi kujitambulisha. Stima zikipotea na kurudi, mpangilio unaweza kugeuka, na skripti iliyoandikwa `plughw:1,0` inaelekezwa kwenye HDMI, ambako hakuna maikrofoni. Tumia jina. `arecord -L` itakupa kitu kama `plughw:CARD=Device,DEV=0`; hicho ndicho cha kuandika kwenye mipangilio, mara moja, na usirudi hapo tena.

Ukikutana na `Channels count non available` au `Sample format non available`, umeandika `hw:` badala ya `plughw:`. Ya kwanza inaongea na kifaa moja kwa moja, na maikrofoni nyingi za bei nafuu zinajua hezi 44,100 au 48,000 pekee. Ya pili inabadilisha muundo kwa niaba yako. `Device or resource busy` ni kwamba programu nyingine imeshikilia maikrofoni. Amri `fuser -v /dev/snd/*` itakutajia mshikaji, na mara nyingi ni nakala ya jana ya skripti yako mwenyewe ambayo haikufa. Yale matangazo marefu ya `Unknown PCM cards.pcm.rear` na wenzake yanayomwagika PyAudio, maktaba ya sauti ya Python, ikianza hayana madhara. Yapuuze.

Inaonekana, lakini rekodi ni kimya au ina mikwaruzo

Fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi ya USB, kisha F4 uone upande wa kurekodi. Kama chini ya safu hakuna neno CAPTURE jekundu, bonyeza upau wa nafasi. Panda hadi asilimia 70 au 80, urekodi tena, usikilize. Kufika 100 ni kishawishi ambacho kinaharibu: sauti ya juu inakatwa vichwa, maneno yanapasuka, na Whisper huelewa sauti ya chini iliyo safi kuliko kubwa iliyopasuka. Ukiridhika andika `sudo alsactl store`.

Sasa mvua. Kutoka Kisumu hadi Kakamega, mvua kubwa ya alasiri juu ya nyumba ya mabati isiyo na silingi inameza mazungumzo ya watu, sembuse maikrofoni. Hapa hakuna mpangilio utakaokuokoa ukiwa mbali. Hesabu ni hii: ukiongeza umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, sauti yako hushuka takriban desibeli 6, ilhali mvua inabaki ileile. Maikrofoni iliyo umbali wa mkono itakusikia pale ambapo ya mita tatu imeshazama. Kwa hiyo badala ya kuiweka kwenye rafu karibu na dari, ambako ndiko kelele za mabati ziliko, ishushe mezani kwa kebo ya USB ya nyongeza, na uweke kitambaa chini yake ili mtikisiko wa meza usiingie. Kwenye openWakeWord kuna chaguo la kupunguza kelele, `enable_speex_noise_suppression=True`; linasaidia kwa kelele tulivu kama ya feni, kidogo kwa mvua, na si chochote kwa spika za mkesha wa jirani.

Unamwita, haamki

Modeli (faili zilizofunzwa kutambua sauti) zinazokuja na openWakeWord, kama "hey jarvis" na "hey mycroft", zilifunzwa kwa sauti za kutengenezwa na kompyuta zinazosema Kiingereza. Sisi tunalitamka jina hilo kwa vokali zetu, na mtu aliyekulia Dholuo au Lubukusu analipa lafudhi yake juu ya hapo. Modeli haikatai kwa kiburi. Inakupa alama ndogo kuliko kiwango. Kwa hiyo usibahatishe, fanya skripti ichapishe alama kila unapoita. Kiwango cha kawaida ni 0.5. Ukiona wewe unapata 0.42 na 0.47, kiteremshe hadi 0.35 na shida imekwisha. Ukiona 0.02, tatizo si lafudhi: sauti haifiki ilivyo, kwa kawaida kwa sababu unalisha hezi 44,100 mahali pa 16,000, au chaneli mbili mahali pa moja. openWakeWord pia hutaka vipande vya milisekunde 80, yaani sampuli 1,280 kwa mkupuo, au vigawe vyake. Ukilisha vipande vya ukubwa mwingine kazi inazorota.

Kama kuna mtu mmoja nyumbani ambaye anakataliwa daima, na mara nyingi ni bibi au mtoto, kuna njia ya kufunza modeli ndogo ya uthibitisho kwa rekodi chache za sauti ya mtu huyo, ikae juu ya ile kubwa. Unateremsha kiwango cha ile kubwa, hiyo ndogo ndiyo inalinda mlango. Ina gharama moja: mgeni hatasikilizwa.

Wengine wanataka jina lao wenyewe. Inawezekana kulifunza, lakini sauti zinazotumika kutengeneza mifano ni za Kiingereza, kwa hiyo liandike kwa namna ambayo Mwingereza angelisoma ukasikia ulichokusudia. Chagua lenye silabi tatu au nne. Na usichague Achieng wala Wafula, nyumba nyingi za huku zina mmoja tayari, na utachoka kuona nani kaitika.

Anaamka bila kuitwa

TV, redio ya jikoni, au yeye mwenyewe. Hili la mwisho ndilo la kuchekesha: msaidizi anataja jina lake ndani ya jibu, anajisikia, anaitika, anajibu tena. Zima usikilizaji Piper inapoanza kusoma na uurudishe nusu sekunde baada ya kumaliza. Kwa TV, pandisha kiwango hadi 0.6 au 0.7 na uwashe `vad_threshold` ili kelele zisizo usemi zichujwe. Kama bado, sogeza maikrofoni mbali na TV. Watu hupenda kupanga vifaa vyote kwenye meza moja kwa sababu ya soketi.

Nasema Kiswahili, anaandika Kiingereza

Hapa ndipo tunafika kwenye lugha, na sababu mbili za kwanza bado si lugha. Chukua ile `jaribio.wav`:

```
./build/bin/whisper-cli -m models/ggml-small.bin -l sw -f jaribio.wav
```

Bila `-l sw`, whisper.cpp huchukulia unasema Kiingereza na hulazimisha kila silabi iwe ya Kiingereza. Pili, angalia jina la modeli. Kama lina `.en`, mfano `ggml-base.en.bin`, hiyo inajua Kiingereza pekee na hakuna chaguo litakaloifundisha.

Baada ya hapo ndipo ukubwa. Tiny ina vigezo milioni 39, base milioni 74, small milioni 244. Whisper ilisikia Kiingereza kingi mno na Kiswahili kidogo ilipofunzwa, na modeli ndogo ndizo zinazoonyesha pengo hilo wazi. Tiny na base kwa Kiswahili sizishauri kabisa, hata kwa amri fupi. Small ndipo pa kuanzia.

Ukimya nao una tabia yake. Whisper ikipewa sekunde kadhaa zisizo na usemi hubuni: huandika asante, au sentensi nzima ambayo hakuna aliyeisema. Ukiona taa zinawaka kwa amri ya hewani, chanzo ni hicho. Skripti iache kurekodi mtu anaponyamaza, na kipande kisicho na usemi kisipelekwe Whisper kamwe.

Anaandika Kiswahili, lakini si nilichosema

Watu wengi hukata tamaa hapa, na hapa ndipo juhudi kidogo hulipa zaidi. Fikiria nyumba moja ya Nyalenda yenye watu wanne. Kijana anasema "washa stima ya sitting room". Dada yake anasema "washa taa ya sebule". Mama, ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo isiyo na "sh", anasema "wasa taa". Mjomba aliyetoka Nakuru kuwatembelea anasema "niwashie taa hapo". Whisper, kwa kubahatisha, itaandika "wasataa", "washa ta", "washa taha" na mengineyo. Ukiwa umeandika skripti inayongoja maneno "washa taa ya sebuleni" kwa herufi sawasawa, kati ya hao wanne hakuna atakayepata mwanga.

Kumwambia mama abadilishe matamshi aliyokua nayo ili kompyuta ifurahi ni kichekesho. Badilisha skripti. Kwanza, mpe Whisper fununu ya maneno anayopaswa kuyatarajia:

```
--prompt "washa taa, zima taa, stima, sebuleni, jikoni, feni, redio"
```

Fununu hii haimlazimishi, ila humvuta kwenye tahajia hizo, na mabadiliko huonekana mara moja. Pili, linganisha kwa ukaribu badala ya usawa. Python inayo `difflib` tayari, hulipi bando kuipata:

```
from difflib import get_close_matches
amri = ["washa taa", "washa stima", "zima taa", "zima stima"]
jibu = get_close_matches(maandishi.lower(), amri, n=1, cutoff=0.6)
```

"wasa taa" hutua kwenye "washa taa" bila shida. Tatu, fungua daftari. Acha skripti iandike kwenye faili kila ilichosikia na kila ilichokosa kuelewa, uisome mwisho wa wiki, na uongeze maneno ya nyumba yenu: stima na taa, sitting room na sebule, zima na funga. Orodha ya watu wa Milimani haitafanana na ya Kondele, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Angalizo moja. Ukiteremsha `cutoff` mno, "zima taa" na "zima stima" zinaweza kuchanganyika, na maana yake ni moja. Hilo halina madhara. Lakini amri kama "fungua mlango" au "zima friji" iombe uthibitisho daima.

Anaelewa, ila anachukua muda

Whisper huchakata dirisha la sekunde 30 hata ukisema maneno mawili. Kwenye Pi hilo linauma. Jaribu `-ac 512`: dirisha kamili ni 1,500, kwa hiyo 512 ni kama sekunde 10, zinazotosha amri yoyote ya nyumbani. Usahihi hushuka kidogo, pima kwa faili yako. Modeli zilizobanwa, zenye `q5_1` kwenye jina, hupunguza faili ya small kutoka MiB 466 hadi chini ya nusu na husaidia pia.

Kama bado ni polepole, na una laptopu ya zamani ndani ya nyumba, mpe laptopu kazi hiyo. Itifaki ya Wyoming ilibuniwa kwa ajili hiyo: Pi inabaki kuwa sikio na mdomo, seva ya Whisper inasikiliza kwenye bandari 10300 ya laptopu, Piper kwenye 10200. Ni Wi-Fi ya ndani, bando haliguswi. Ukipata `Connection refused`, ama seva haijawaka, ama inasikiliza 127.0.0.1 badala ya 0.0.0.0.

Modeli inakataa kufunguka

Andika `ls -lh`. Faili iliyopaswa kuwa na MiB 466 ina 212? Bando liliisha katikati. Endeleza kwa `wget -c`, usianze upya. Ina kilobaiti chache tu? Umepakua ukurasa wa HTML. Kwenye Hugging Face, tovuti ya kupakulia modeli, kiungo chenye `/blob/` ni ukurasa, cha faili yenyewe kina `/resolve/`. Piper nayo hutaka faili mbili pamoja, ya `.onnx` na ya `.onnx.json`, ukileta moja inalalamika.

`externally-managed-environment` kutoka kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ni ya kawaida tangu toleo la Bookworm: tengeneza mazingira ya pembeni, `python3 -m venv ~/msaidizi`, usakinishe humo. Pip ikisema haioni kifurushi ambacho kila mtu anacho, andika `dpkg --print-architecture`. Ikijibu `armhf` mfumo wako ni wa biti 32, hata kama `uname -m` inasema `aarch64`, kwa sababu kaneli inaweza kuwa ya 64 na vingine vyote vya 32. Andika kadi upya kwa toleo la biti 64. Njia za mkato hapo zinachosha.

Anajibu, sauti si sauti

Nzito na ya kuvutwa, au nyembamba ya haraka: kiwango cha hezi hakilingani. Sauti za Piper za daraja la medium ni hezi 22,050. Ukimwaga sauti ghafi kwenye `aplay`, taja: `aplay -r 22050 -f S16_LE -t raw -`.

Neno la kwanza linamezwa: spika ya Bluetooth, au TV kupitia HDMI, ilikuwa imelala na inachukua muda kuamka. Tanguliza ukimya wa nusu sekunde, `sox jibu.wav tayari.wav pad 0.5`.

Lafudhi ya kigeni: sauti ya Kiswahili ya Piper inaitwa `sw_CD-lanfrica-medium`, na CD ni msimbo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inaeleweka vizuri. Nambari na vifupisho ndivyo vya kuchungwa: usimpe "KSh 1,500", mpe "shilingi elfu moja mia tano", skripti ifanye kazi hiyo kabla.

Anakosea saa

Hesabu amekosea kwa saa ngapi, jibu liko humo. Akiwa nyuma kwa saa mbili au tatu, ni eneo la saa: Pi mpya huja ikiwa na saa za London. `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`. Akikuambia "saa kumi na tisa" wakati wa taarifa ya habari ya jioni, saa ni sahihi ila anaisoma kizungu. Toa sita, `h` ikiwa saa ya kompyuta, 0 hadi 23:

```
saa = (h - 6) % 12 or 12
```

Kumi na tisa inakuwa moja, sita inakuwa kumi na mbili, sifuri inakuwa sita. Ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku kutokana na `h` yenyewe, si kutokana na `saa`, la sivyo saa moja zote mbili zitakuwa za asubuhi. Kengele ndizo za hatari zaidi: "niamshe saa kumi na moja" ni saa 5 ya kompyuta, na asiyetafsiri kurudi nyuma ataamshwa saa tano kabla ya adhuhuri, basi la Nairobi limeshapita Kericho.

Akikosea kwa siku nzima au zaidi, stima zilipotea. Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa, ikiwaka inaendelea pale ilipokumbuka mara ya mwisho mpaka ipate intaneti. Ndiyo maana pia upakuaji hulalamika `certificate is not yet valid`. Moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri, ni dawa yake, kwa mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `/boot/firmware/config.txt`. Pi 5 ina saa tayari, inataka betri yake ndogo tu.

Stima zikirudi, harudi

Kama Pi haiwaki kabisa, kadi ya SD iliharibika ikiandikwa wakati umeme unakatika. Kwenye `raspi-config`, chini ya Performance Options, kuna Overlay File System: ukiiwasha, kadi haiandikwi tena na kukatika kwa stima hakuigusi. Ila lile daftari la maneno aliyokosa nalo halitahifadhiwa, kwa hiyo maliza kujifunza kwanza, au liandike kwenye flashi ya USB. Kadi yenyewe ipime kwa `f3write` na `f3read`, maana za GB 64 zenye ukubwa wa kweli wa 8 zipo sokoni.

Kama Pi inawaka lakini msaidizi yuko kimya hadi uingie kwa SSH kutoka kompyuta nyingine, na ukitoka ananyamaza tena, ni PipeWire, programu inayosimamia sauti. Hiyo huishi ndani ya kikao cha mtumiaji. Huduma ya mfumo inayoanza kabla ya mtu kuingia haiioni. Iandike huduma yako kuwa ya mtumiaji, `systemctl --user enable msaidizi`, kisha:

```
sudo loginctl enable-linger $USER
```

Chomoa stima, ichomeke tena, usiingie kwa SSH. Ngoja dakika moja, umwite. Akikaa kimya, sasa ingia na usome `journalctl --user -u msaidizi -b`. Mstari wa kwanza wenye kosa ndio wa kushughulikia, iliyo chini yake mara nyingi ni matokeo yake.